Pasipoti ya Nshombo

Siku daktari wa moyo kule Kenmore alipomweleza Mama Esperance hali yake bila kumficha kitu, mama huyo hakulia. Alivaa koti lake, akapanda basi la kurudi Black Rock, mtaa wa Buffalo huko Marekani, alikokuwa akiishi na mdogo wake Kostansia, na jioni akawapigia simu watoto wake. Alianza na Nshombo, aliyekuwa Columbus, akazungumza naye mpaka simu ikapata moto sikioni. Gracieuse, kitinda mimba wake aliyekuwa Louisville, alipigiwa mwisho, na kwake maneno yalikuwa machache. Wakati wa joto, kabla baridi haijarudi, Mama alitaka waende wote Italia kumwona Eliezer.

Eliezer ndiye kifungua mimba. Miaka ile familia ilipokuwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, baada ya kukimbia Bukavu kule Kongo, yeye alikuwa amekwenda Juba kutafuta kazi. Majina ya kwenda Marekani yakaitwa akiwa huko, simu yake haipatikani, na safari za namna ile hazimngojei mtu mmoja. Wenzake wakaondoka. Alipojua, akashika njia yake mwenyewe: Sudani, Libya, halafu bahari. Meli iliwaokoa yeye na wenzake katikati ya maji, ikawashusha kusini mwa Italia. Huko alipewa hati za ukimbizi, akapata kazi kwenye karakana ya kukata mawe katika mji wa Trani, mji wa kale wenye kanisa lililojengwa karibu kabisa na mawimbi. Aliomba viza ya kumtembelea mama yake, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Mama alipopata uraia wa Marekani alimwombea ahamie kwake, akajibiwa kwamba foleni ni ya miaka saba au minane. Moyo wake haukuwa na miaka hiyo.

Huo ulikuwa mwaka 2016. Gracieuse alikuwa akitunza wazee kwenye nyumba ya wagonjwa, na mume wake Ferdinandi hakupata ruhusa kiwandani, kwa hiyo alisafiri na binti yao Rakeli, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyeelewa Kiswahili chote lakini akijibu kwa Kiingereza. Waliendesha mpaka Columbus kumchukua Nshombo. Alipotoka kwenye jengo lake nyuma ya maduka ya Waafrika ya Morse Road, Gracieuse hakumtambua mara moja. Ndevu zake nyingi, ambazo hata mchungaji alikuwa amechoka kuzitania, hazikuwepo. Alisema ni joto. Njiani, yeye ambaye kwa kawaida hakumwachia mtu nafasi ya kusema, alitazama mashamba ya mahindi na kunyamaza.

Black Rock walimkuta Mama ameshafunga mizigo. Asubuhi ya kuondoka, Mama mdogo Kostansia aliwaaga kila mtu kwa kumshika mkono, lakini alipofika kwa Nshombo alimkumbatia akalia machozi mengi, kama anayemsindikiza mtu kaburini. Gracieuse aliliona jambo hilo. Alidhani ni uzee.

Eliezer aliwapokea kwenye kituo cha treni cha Trani. Alikuwa amekonda, mikono imekuwa migumu kwa vumbi la mawe, lakini uso ulikuwa uleule wa Nshombo. Walizaliwa wakifuatana, na tangu utotoni wageni waliwaita mapacha. Sasa, Nshombo akiwa amenyoa, hata Rakeli alimwita mmoja kwa jina la mwingine. Mama alimsogelea. Alimshika Eliezer uso kwa mikono miwili, akaupapasa kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni kama kipofu, na watu waliokuwa wakishuka kwenye treni wakawapitia kando.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri kwa juujuu. Eliezer alikuwa amewakodishia vyumba katika nyumba ya zamani karibu na bandari, na baada ya kazi alikuwa akiwatembeza. Aliwaonyesha kanisa kuu lenye mawe meupe yanayogeuka rangi ya waridi jua likishuka, ngome ya wafalme wa zamani ambayo kuta zake zinaingia majini, na vichochoro vyembamba ambamo wanawake walianika nguo kutoka dirisha hadi dirisha. Alasiri wavuvi walirudi na kuuza samaki palepale gatini. Walimjua Eliezer. Mmoja alimpa Rakeli pweza mdogo amshike, na Rakeli akapiga kelele na kucheka.

Lakini kila walipokaa, Mama aligeuza kiti chake kikatazama mji. Rakeli alimwuliza sababu. Mama akamjibu kwamba maji yale yalitaka kumla mtoto wake, na yeye hasalimiani na mtu wa namna hiyo.

Kulikuwa na jambo jingine. Gracieuse alipoingia chumbani, mazungumzo yalikatika. Nshombo na Eliezer walikuwa wakitoka pamoja na kurudi wamenyamaza. Jioni moja aliwakuta wamekaa mezani, Eliezer akiandika kitu kwenye karatasi tena na tena, na Nshombo akaifunika karatasi kwa mkono.

Gracieuse aliujua ukweli mchana, saa ile ambayo mji wote hufunga madirisha na kulala kwa sababu ya jua. Rakeli alikuwa amesinzia. Gracieuse aliamka kutafuta maji, na kabla hajaufikia mlango wa jikoni akamsikia Nshombo akiuliza kwa Kiingereza, polepole, kama afisa.

"Jina lako?"

"Nshombo Byamungu," sauti ya Eliezer ikajibu.

"Unaishi wapi?"

"Columbus, Ohio." Akataja jengo, mtaa, basi analopanda kwenda kazini, na jina la msimamizi wake ghalani.

"Ulikuja Italia kufanya nini?"

"Kumtembelea kaka yangu, Eliezer."

Gracieuse alitaka kucheka, akidhani ni mchezo. Ndipo akamsikia Mama, kwa sauti ya upole, ile aliyokuwa akiitumia zamani kuwafundisha sala.

"Rudilia. Na usitazame chini. Mutu mwenye anatazama chini, wanamuita kando."

Aliusukuma mlango. Wanaume wawili waligeuka. Katikati ya meza kulikuwa na pasipoti ya Nshombo, imefunguliwa kwenye picha. Picha ile ilikuwa ya kijana asiye na ndevu.

"Kaa hapo, mama," Mama alimwambia, kama anavyoitwa binti kwao. Gracieuse hakukaa.

Mama alimweleza yote bila haraka. Eliezer angerudi nao kwa pasipoti ya mdogo wake. Nshombo angebaki Trani wiki kadhaa, kisha angekwenda kwa watu wa ubalozi na kusema pasipoti yake imepotea. Yeye ni raia, wasingemzuia kurudi kwake. Kostansia alikwisha kuambiwa, ndiyo maana alilia. Gracieuse peke yake hakuambiwa, kwa sababu alikuwa na mtoto na Mama hakutaka abebe uzito mapema.

Gracieuse alianza kuzitaja hatari. Alisema kuhusu mashine zinazosoma uso, kuhusu alama za vidole, kuhusu uraia unaoweza kuondoka na jela inayoweza kuja. Alisema Rakeli atakuwa amesimama palepale, na afisa akiinama na kumwuliza mtoto, huyu ni nani yako, mtoto atajibu anachokijua.

"Rakeli tutamwambia," Mama alisema.

"Mutoto wangu hatafundishwa hii, Mama."

"Bon. Basi atakuwa amelala." Mama alinyoosha mkono akaishika sketi ya binti yake. "Sikuombi useme uongo. Nakuomba tu unyamaze. Miye niko na moyo wa kufika Noeli, pengine Pasaka. Nataka mutoto wangu wa kwanza aninyweshe maji mu nyumba yangu. Iko neno kubwa?"

"Na Nshombo?" Gracieuse aliuliza. "Huyu unayemuacha huku bila kitu mukononi, haiko mutoto?"

Nshombo aliifunga pasipoti, akaitia mfukoni mwa shati, akatoka nje kwenye jua.

Kuanzia hapo hewa ya nyumba ile ilibadilika. Walikula pamoja na hakuna aliyejua alichokula. Gracieuse alipigiwa na Ferdinandi, akamwambia mji ni mzuri na mtoto ameungua pua, akakata simu. Alifikiri kubadilisha tiketi yake. Alifikiri kumweleza mtu, lakini nani? Padri wa kanisa la mawe meupe? Polisi? Angemsaliti kaka yake mwenyewe. Na kila alipomtazama Mama, akiwa amekaa ameipa bahari mgongo, mkono mmoja juu ya goti la Eliezer, hasira ilimtoka na kumwachia kitu kibaya kuliko hasira.

Alimpata Eliezer peke yake kwenye karakana, ambako alikuwa amekwenda kuchukua vitu vyake. Mashine zilikuwa zimezimwa. Aliokota kipande cha jiwe, akakigeuza mkononi akimsikiliza dada yake. Gracieuse alimwuliza kama ni yeye aliyeomba jambo hili. Eliezer alisema hakuomba. Mama ndiye aliyempigia, na Nshombo akakubali kabla yeye hajapata neno la kusema.

"Lakini unataka," Gracieuse alisema.

"Nataka." Hakumkwepa macho. "Mule majini nilikuwa naita majina yenu, moja moja. Donc basi leo Mama ananiambia njoo, na miye niseme hapana? Weye ungesema?"

Gracieuse alimwambia tu kwamba hatamripoti mtu, lakini hatasimama nao. Yeye na Rakeli watatangulia, watakaa mbali kwenye ndege, na mtu akiuliza atajibu kuhusu mwanawe na yeye mwenyewe, basi. Eliezer aliitikia kwa kichwa. Akaweka lile jiwe chini kwa uangalifu, mahali pale alipoliokota.

Asubuhi ya kuondoka walipanda treni kwenda uwanja wa ndege wa Bari. Eliezer alivaa jaketi la Nshombo na viatu vya Nshombo. Nshombo alivaa shati la kazi la Eliezer na kofia yake. Rakeli aliwatazama, akamnong'oneza mama yake kwa Kiingereza kwamba wajomba wamebadilishana nguo. Gracieuse alimwambia ni mzaha wa watu wazima, na asiulize tena. Ulikuwa uongo wa kwanza. Aliuhisi mdomoni.

Walipofika, Gracieuse alitangulia na binti yake kwenye kaunta. Karani, kijana mwenye miwani, aliwauliza maswali ya kawaida, nani alifunga mizigo, kuna mtu aliyewapa kitu wambebee, akawapa karatasi zao za kupandia ndege. Gracieuse hakuenda mbali. Alisimama karibu na nguzo, Rakeli mbele yake, mikono yake juu ya mabega ya mtoto. Kutoka pale aliwaona wote: Mama na Eliezer wakisogea kwenye foleni, na Nshombo kule kwenye milango ya vioo, peke yake, hana hata begi. Askari wawili wenye bunduki walipita katikati yao wakizungumza.

Zamu ikafika. Eliezer aliweka pasipoti mbili kwenye kaunta. Karani alifungua ya Mama, akamtazama, akaiweka kando. Akafungua ya pili. Alitazama picha, akamtazama Eliezer, akatazama tena. Akauliza kwa Kiingereza anaishi wapi. Eliezer alijibu. Hakutazama chini. Karani akaanza kuandika kwenye mashine yake.

Kisha Eliezer akainua begi la Mama kuliweka kwenye mkanda. Lilikuwa zito, mkanda ukakwama. Karani alisimama kulisukuma, na akiwa anasukuma akanung'unika kwa lugha ya nyumbani kwao, ile ya wavuvi na mafundi, kwamba bibi huyu amelibeba kanisa kuu zima na padri wake ndani.

Eliezer akacheka. Akacheka, na kabla hajajizuia akamjibu kwa lugha ileile kwamba padri ameachwa, waliyembeba ni askofu.

Karani naye alicheka. Kicheko chake kikaisha katikati. Alikaa, akaichukua tena pasipoti ya Marekani.

"Unasema kama mtu wa hapa," alisema kwa Kitaliano.

Mama, asiyejua neno hata moja la lugha ile, aliona tu nyuso zimebadilika, akamshika mwanawe mkono.

"Labda huko Ohio una marafiki kutoka kwetu," karani alisema. Hakuwa na ukali. Alikuwa kijana mwenye foleni ndefu, anatafuta maelezo yatakayomwezesha kuendelea na kazi. "Wamekufundisha?"

Ilitosha kuitikia kwa kichwa. Eliezer alimweleza Gracieuse baadaye, kwa simu, kwamba kichwa kilikuwa kimeanza kushuka. Ila macho yalikuwa yamekwenda kwenye ile milango ya vioo. Nshombo alikuwa amesimama pale na shati lisilo lake, mikono haijui pa kukaa, akitazama wenzake wanavyoondoka. "Ile kusimama naijua," Eliezer alisema. "Miye ndiye nilisimama vile miaka yote. Sikuweza kumupa ile na yeye."

Kwa hiyo alijibu kwa Kitaliano, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye nguzo. "Mimi ni mtu wa hapa, ninafanya kazi Trani. Anayesafiri ni mdogo wangu. Mimi nimewabebea mizigo tu." Akainua mkono akamwita Nshombo.

Karani hakuiachia pasipoti. "Aliyenipa hii ni wewe. Na nimekuuliza unaishi wapi, ukanijibu Columbus."

"Nilimjibia. Amezoea kuchelewa." Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Akatoa hati zake mwenyewe za Italia, akaziweka juu ya kaunta bila kuombwa.

Wale askari wawili walikuwa wamegeuka na sasa walikuwa wakirudi. Nshombo alivuka ukumbi akitembea kama mtu anayevuka mto kwa miguu. Alipofika, karani aliwasimamisha bega kwa bega. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Watu wa nyuma kwenye foleni walianza kulalamika. Gracieuse aliwaona askari wakikaribia, akamgeuza Rakeli uso ukamwelekea tumboni mwake, na mtoto, ambaye tangu asubuhi hakuambiwa ukweli, akamkumbatia kwa nguvu bila kuuliza.

Askari wakapita.

Karani alimwuliza Nshombo maswali yote upya, na safari hii akauliza mengi zaidi: kazi, mtaa, tarehe aliyoingia. Akamwambia aweke sahihi kwenye kipande cha karatasi, akailinganisha na ile ya kwenye pasipoti. Mwishowe akachapa karatasi ya kupandia. Alipomkabidhi Nshombo, alimtazama Eliezer, si yeye, akasema kila mtu ashike pasipoti yake mwenyewe. Halafu akamwomba bibi, aliyebaki wa mwisho, asogee.

Mama hakusogea. Alikuwa amemwachia Eliezer mkono, ameelewa sasa bila kutafsiriwa.

"Mumuambie atoe sanduku yangu kwa ile mashini," alisema. "Miye siendi."

Nshombo aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Columbus sauti yake ilipanda. Alimkumbusha daktari, dawa, bima, na kwamba hapa hata kuomba chumvi hawezi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema raia wa Marekani anaruhusiwa miezi mitatu, hilo alikwisha kuuliza, na dawa anazo.

"Kama hawezi kuja kwangu, nitabaki kwake. Ile nayo watu wa serikali watanikatalia?"

Alinyoosha mkono amguse Nshombo shavuni, pale ndevu zilipokuwa. Nshombo alirudi nyuma kidogo tu, mkono ukabaki hewani. Akapokea begi lake kutoka kwa Eliezer, akaelekea kwenye ukaguzi bila kumuaga mtu.

Juu ya bahari, kisha juu ya mawingu, Nshombo alikaa karibu na Gracieuse. Chakula kililetwa kikaondolewa. Rakeli alilala. Ndege ilikuwa imeanza kushuka kuelekea New York aliposema, akitazama kiti cha mbele, kwamba Mama alimpangia yeye kila kitu cha kumfundisha Eliezer. Mama alikumbuka hata basi la kazini. "Hakuniuliza hata siku moja kama naogopa."

"Uliogopa?" Gracieuse aliuliza.

Nshombo alifunga mkanda wa kiti.

Miezi ile mitatu habari za Mama ziliwafikia kwa simu. Alipata daktari pale Trani kupitia mwajiri wa Eliezer. Aliugua mara moja, akalala hospitali, Eliezer akalala kwenye kiti kando yake na kumnywesha maji kama alivyotaka, ila katika nyumba isiyokuwa yake. Alipopona alianza kushuka gatini alasiri kununua samaki, akielekeza kwa kidole. Eliezer alisema siku hizi anakaa akitazama maji. Hakuna aliyejua yeye na maji yale wamepatana vipi. Mama alipiga Louisville kila baada ya kanisa. Columbus alipiga pia, lakini Nshombo alikuwa kazini, au simu ilikuwa kwenye koti, au alikuwa anaendesha.

Oktoba ilipokuwa inaisha, Gracieuse aliendesha kwenda kaskazini kumpokea. Alipita Columbus bila uhakika kama Nshombo atakubali kuja. Nshombo alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo lake, ndevu zimeanza kurudi. Aliingia ndani ya gari. Mvua baridi ilikuwa ikinyesha Buffalo walipofika, na Mama akatoka uwanja wa ndege kwenye kiti cha magurudumu kinachosukumwa na kijana wa huko, amepungua kuliko alivyoondoka, miguu imevimba, uso mweusi kwa jua. Aliwabariki wote wawili. Alipofika kwa Nshombo aliweka mikono yake mapajani mwake na kuiacha hapo.

Kwa Mama mdogo Kostansia chai ilikuwa tayari na kitanda kimetandikwa. Mama alikunywa chai, akamshukuru mdogo wake, akasema hatalala pale. Anataka kwenda Columbus.

Nshombo aliweka kikombe chini. Alisema anakaa ghorofa ya juu na hakuna lifti. Alisema anafanya kazi zamu ndefu, mchana hakutakuwa na mtu, na daktari wake yuko Kenmore, si Ohio.

"Madaktari wako kila mahali," Mama alisema. "Na ngazi nitapanda polepole. Kama weye hautaki, sema hautaki. Hiyo nitasikia."

Kostansia alianza kusema neno, Gracieuse akamgusa goti. Nshombo alitazama miguu ya mama yake, iliyokuwa imebanwa ndani ya soksi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Bon," alisema. "Lakini tuondoke mapema. Kesho niko na kazi."

Gracieuse aliendesha. Nshombo alikaa mbele, Mama nyuma na mto mgongoni. Waliliacha jiji, wakapita mashamba ya mizabibu yaliyokwisha kuvunwa, ziwa likionekana na kupotea upande wa kulia. Mama hakusinzia. Walipokuwa karibu kuingia Ohio aliegemea mbele, mkono wake ukashika kiti cha Nshombo, si bega lake.

"Kule kwenye mulango ya vioo," alisema. "Uliogopa?"

Nshombo hakugeuka. Vifuta-mvua vilikuwa vikienda na kurudi. Gracieuse alipunguza mwendo bila kujua kwa nini.

"Niliogopa sana, Mama."

"Niambie."

Akakohoa. Akaanza na siku ya simu ile ya kwanza, jinsi alivyokuwa amesimama jikoni na sufuria mkononi akisema ndiyo, ndiyo, Mama. Alisema kwa Kiswahili, polepole, na alipokwama Mama hakumsaidia neno. Alimngoja. Walifika Cleveland bado anasimulia.